Uzoefu wangu wa kuchagua gundi ya upinde wa mbao

Kwa miezi minne nimekuwa nikitengeneza upinde nyumbani kwangu hapa Nairobi, na kwa kuwa gundi ndiyo iliyonisumbua kuliko kitu kingine chochote, naona ni vyema niwaeleze wenzangu ni ipi iliyonifaa.

Upinde wangu una tabaka mbili. Mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, ni ubapa wa mwanzi, kwa sababu nyuzi za mwanzi hunyooka toka ncha hadi ncha na huhimili kuvutwa. Kwa tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, nilijaribu kwanza mvule wa soko la Gikomba, lakini nyuzi zake zimepishana na kila nilipopitisha randa zilichanika, basi nikauacha na kutumia mkole mkavu nilioletewa kutoka Makueni. Kila ugwe unapovutwa, mgongo hutanuka na tumbo hujibana, na gundi iliyo katikati ndiyo inayozuia tabaka hizo zisipishane.

Nilianza na gundi nyeupe ya useremala, ambayo sina neno nayo kwenye makabati na viti. Upinde ulishika vizuri kwa wiki mbili. Kisha nikauacha juani saa nzima ukiwa umefungwa ugwe, na niliporudi nikaona kwenye ncha moja mwanzi umeupita mkole kwa milimita mbili hivi, bila ufa wala mlio wowote. Gundi hiyo hata ikikauka hubaki na ulaini fulani, na ikikaa chini ya mzigo mfululizo, hasa penye joto, husogea polepole.

Gundi ya mirija miwili (epoksi, ambayo huchanganywa kabla ya kupakwa) inayoganda kwa dakika 5 nayo haifai kabisa: iliganda kabla sijafika nusu ya ubao.

Iliyonifaa ni ile ya mirija miwili inayoganda polepole, ingawa nayo niliikosea mara ya kwanza. Nilibana tabaka kwa jiliwa kwa nguvu zangu zote, gundi ikachuruzika pembeni, na katikati pakabaki pakavu. Mkono mmoja wa upinde ulibanduka siku ya kwanza ya kuupinda. Mara ya pili nilikwaruza nyuso zote mbili kwa msasa mzito, nikafuta vumbi na mafuta, nikapaka gundi pande zote, halafu nikazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli toka ncha hadi ncha. Mpira hubana sawasawa na haukamui gundi ikaisha. Vaeni glavu, kwa maana gundi hii ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mwasho mbaya.

Zingatieni pia hali ya hewa. Nilikuwa nikifanya kazi hii mwezi wa Julai, wakati wa baridi hapa Nairobi, na baridi huchelewesha gundi kuganda: baada ya saa 24 gundi iliyosalia kwenye kopo la kuchanganyia bado ilikuwa ikiingia ukucha. Niliuacha upinde siku tatu nzima ndipo nikaufungua.

Gundi hii ni ghali kuliko ile nyeupe, lakini ningeinunua tena bila kusita. Kabla ya kuanza kuupinda upinde nilichora kwenye kila ncha mstari wa penseli unaokatiza tabaka zote mbili, na kila nikimaliza kulenga shabaha huutazama kwa tochi. Hadi jana jioni mistari yote miwili ilikuwa haijakatika, yaani tabaka hazijasogea.