Uzoefu wangu: kikombe cha safari chenye kifuniko kinachofunguka chote

Wauzaji wa vikombe vya safari hupenda kutaja saa: chai itakaa moto saa sita, saa kumi na mbili. Mimi siku hizi naanza na kifuniko. Nakigeuza juu chini, naangalia raba ya kuzuia kuvuja imekaa wapi na kama kuna springi iliyofichwa ndani, halafu namuuliza muuzaji kama kinafunguka kipande kwa kipande. Akiniambia kukisuuza kunatosha, namrudishia kikombe chake.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, Nyandarua, na chai ninayobeba ni ya maziwa, yenye tangawizi na sukari. Anayebeba maji matupu huenda haya yasimsumbue sana. Maziwa yana mafuta na protini. Yakikaukia kwenye plastiki hushika, bakteria hujenga utando juu yake, na utando huo hautoki kwa kumwagiwa maji. Sharti usuguliwe. Kwa hiyo popote ambapo chai inafika na kidole au burashi haifiki, patanuka tu, hata uwe msafi namna gani.

Themosi niliyokuwa nayo awali ilikuwa ya kubonyeza: unabonyeza kitufe katikati ya kifuniko, chai inamiminika. Kwa kuhifadhi joto sina la kuilaumu. Lakini chini ya kitufe kulikuwa na springi, na springi hiyo imekaa ndani ya kijichumba ambamo chai ilipita kila nilipomimina. Kijichumba hicho hakifunguki. Kwa nje kifuniko kiling'aa, ila ukikinusa unapata harufu ya maziwa yaliyolala, na nilipokiloweka kwenye maji ya moto vilitoka vipande vya utando wa rangi ya kahawia. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa muundo huo umejaa madukani chini ya majina mengi.

Na tatizo hili si la themosi peke yake. Mwaka 2016 huko Marekani vikombe vya watoto vya Tommee Tippee vipatavyo milioni 3.1 viliitwa virudishwe kwa sababu ya ukungu uliokuwa ukiota ndani ya valvu ya kuzuia kumwagika. Valvu ilikuwa ya kipande kimoja, nyeupe, haionyeshi ndani. Mzazi aliosha kikombe kila siku bila kuona kilichokuwa humo. Habari hii inaniuma, kwa sababu mzazi huyo alifanya kila alichoweza. Aliyeibuni valvu ndiye aliyemnyima nafasi ya kuona.

Sasa natumia kikombe cha chuma kisichoshika kutu, cha mililita 450, na kifuniko chake kina vipande vitatu tu: kifuniko chenyewe, kizibo cha kutelezesha, na raba moja. Kizibo kinachomoka kwa kidole gumba. Raba ni nene, imekaa kwenye mfuo mpana usio na kina, hivyo inatoka bila kuchokolewa kwa kisu. Tena ni nyekundu juu ya kifuniko cheusi: ukisahau kuirudisha unaona mara moja, na mabaki ya maziwa hayana pa kujificha. Ndani ya kifuniko hakuna kona kali, kila pembe imeviringwa. Mitambo ya maziwa hutengenezwa hivyo hivyo, ili maziwa yasipate mahali pa kubaki, na ndicho kilichonifanya nitoe pesa papo hapo.

Wafugaji wanaoujua mkebe wa kubebea maziwa uitwao Mazzi, ule wa lita 10 unaotengenezwa Nairobi, wataelewa ninachosifu. Mdomo wake ni mpana kiasi cha mkono mzima kuingia na kusugua hadi chini, na faneli yake ni nyeusi ili mabonge ya maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yaonekane. Aliyeubuni alimfikiria mtu wa kuosha. Jerikeni la mafuta ya kupikia, ambalo wengine hubebea maziwa, halikuundwa kwa kazi hiyo, ndiyo maana maziwa yake huchacha mapema.

Kuosha kwangu ni kwepesi. Nasuuza kwanza kwa maji baridi au ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto sana hugandisha protini ya maziwa kwenye plastiki. Kisha nachomoa vipande vyote, nasugua kwa maji ya moto na sabuni, navianika kila kimoja peke yake hadi asubuhi. Plastiki yenye alama ya namba 5 huvumilia maji yanayochemka, na raba ya silikoni huvumilia zaidi. Dawa za klorini siziweki kabisa. Huchimba vishimo kwenye chuma, na vishimo hivyo ndivyo uchafu unavyovitafuta.

Kasoro zipo. Raba imeshika harufu ya tangawizi, na kuichemsha huipunguza tu, haiiondoi. Kizibo cha kutelezesha nacho hakizuii kumwagika kikombe kikilala: ndani ya mkoba juu ya bodaboda lazima nikishike wima. Vifuniko visivyovuja hata tone vipo, lakini nilivyovishika dukani vyote vilikuwa na springi na raba ndogondogo ndani. Kati ya hivyo viwili nimechagua kushika wima.

Linaloniudhi hasa ni raba ya akiba. Muuzaji hana, na hajui pa kuipata. Kikombe cha chuma kitadumu miaka, raba italegea mapema zaidi, na hapo kifuniko kizima hakina kazi. Nikipata kampuni inayouza raba peke yake kwa bei ya haki, nitanunua kikombe chake hata kama chai itapoa saa moja mapema.