Mashine ya presha na kliniki ya simu: nilivyolea mimba wakati wa Korona

Machi 11, 2020, WHO ilipotangaza kuwa Korona ni janga la dunia, nilikuwa na mimba changa na bado natapika. Haikuchukua muda kliniki ikapunguza mahudhurio. WHO inapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8. Mimi nikapangiwa kwenda mara 4 tu, zilizobaki kwa simu, na nikaambiwa nitafute mashine ya kupima presha nyumbani. Nimevitumia vyote viwili hadi siku ya kujifungua, kwa hiyo nisikilizeni.

Mashine kwanza. Nilichukua ya mkanda wa juu ya kiwiko, maana zile za kifundo cha mkono huyumba sana. Wiki ya kwanza ilinitia kiwewe: 138/88, kesho yake 141/90. Kumbe mkanda uliokuja nayo ulikuwa mdogo kwa mkono wangu, na mkanda unaobana hupandisha namba. Nilipopata mkubwa, ikasoma 118/74. Onyo hilo limo kwenye karatasi ya maelezo, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kabla ya kupima unakaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Hapo kwenye mdomo ndipo palinishinda, kwa sababu mume wangu aliuliza “ngapi?” kabla mashine haijamaliza kujaza upepo.

Jambo jingine nililolijua nimechelewa: si kila mashine imejaribiwa kwa wajawazito, na kwa mwenye dalili za kifafa cha mimba baadhi husoma chini kuliko hali halisi. Ulizeni kabla ya kununua.

Kliniki ya simu ilinipendeza mwanzoni. Hakuna foleni, hakuna barakoa, mkunga anauliza: kichwa kinauma? Unaona ukungu? Uso umevimba? Mtoto anacheza? Lakini simu haipimi mkojo, haisikilizi mapigo ya mtoto, haifunui kope kuona weupe. Miezi miwili nilikuwa nikisema “nimechoka tu”, naye ananijibu ndiyo mimba ilivyo. Wiki ya 28 nilipokwenda mwenyewe, kipimo cha damu kikaonyesha nina upungufu mkubwa. Hilo bado linaniuma.

Wiki ya 35, saa nne usiku: 146/94. Nikapumzika, nikarudia: 150/95. Nilijua kuwa 140/90 ndiyo mstari wa hatari, lakini hospitali ndiko kulikokuwa na Korona, nami niliiogopa kuliko zile namba. Nikangoja kupambazuke. Asubuhi mkunga aliposikia tu akasema, “Mama, usimalizie hata chai, njoo.” Mkojo ulikuwa na protini, dalili ya kifafa cha mimba. Nikalazwa, na wiki ya 37 nikaanzishiwa uchungu. Binti alitoka na kilo 2.5 na kelele za kutosha. Baba yake alizisikia kwa simu, maana walimzuia nje, ingawa mwongozo wa WHO hata wakati huo ulisema mzazi awe na msindikizaji anayemtaka.

Usiku ule niliukumbuka 2021, jarida la The Lancet Global Health lilipochapisha uchambuzi wa tafiti 40 kutoka nchi 17. Watoto waliozaliwa wafu walikuwa wameongezeka kwa takriban asilimia 28, na vifo vya kina mama kwa karibu theluthi moja. Njiti, kwa ujumla, hawakuongezeka. Wengi wetu hatukuwa na virusi kabisa. Tuliogopa tu, au tulikuta mlango umefungwa.

Mtu anaweza kuniambia kuwa utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2022 haukuona kama kujipima nyumbani kunagundua presha mapema kuliko kliniki ya kawaida. Sibishi. Ila mimi kliniki ya kawaida sikuwa nayo.

Mashine naipa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule mkanda. Simu nyota 3, na zote ni za yule mkunga wa asubuhi. Sasa mashine iko kwa wifi yangu, mwenye miezi mitano. Nimempa na mkanda mkubwa, na nyuma yake nimebandika namba ya wodi inayopokea simu usiku.