Basi la shule la haibridi: kabla ya kuuliza mafuta, uliza likizo

Siku ya kufungua shule, kabla hata hakujapambazuka, dereva alinipigia simu. "Mama, limekataa." Basi letu la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, la mtumba, lilikuwa limekaa wiki sita za likizo bila kutoka uani. Tukabadilisha betri ndogo ya volti 12, taa za dashibodi zikawaka zote, lakini injini kimya. Hata ule mlio wa starta (mota ndogo ya kuwashia injini) iliyochoka haukusikika, kwa sababu starta yenyewe haikuwepo. Katika muundo ule injini huwashwa na mota kubwa ya umeme, na mota hiyo hutumia umeme wa betri kubwa, ile inayoendesha basi. Betri kubwa ikilala, injini nayo imelala, hata kama tangi limejaa pomoni.

Mlinzi aliapa kwamba kila Jumamosi aliliwasha nusu saa kama tulivyomwagiza. Na kweli aliliwasha. Aliweka gia kwenye N (huru), akafungulia redio, akakaa. Muundo wa basi letu hauchaji betri kubwa gia ikiwa N. Kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa anaichota chaji badala ya kuirudisha, maskini, kwa nia njema kabisa. Hakuna aliyetuambia, na aliyetuuzia ndiye wa mwisho ambaye angetuambia.

Tangu niliposimulia mkasa huo, wanaoniandikia wanauliza ulaji wa mafuta tu. Mafuta ni swali jepesi. Basi la shule husimama na kuondoka mara nyingi, na kila breki hugeuza mota kuwa jenereta inayorudisha chaji, kwa hiyo kitaalamu haibridi inalifaa. Majaribio ya Iowa, Marekani, yalionyesha mabasi mawili ya namna hii yakienda umbali mrefu zaidi kwa lita kuliko wenzao wa dizeli, kati ya asilimia 30 na 40 hivi. Njia yako ikiwa ni barabara kuu tupu isiyo na vituo, usitegemee hayo. Viti, milango na rangi utajionea mwenyewe.

Mimi nauliza jambo moja: likikaa, litaamka? Basi la shule halifanani na la abiria. Linafanya kazi asubuhi na alasiri, halafu linakaa wikiendi, linakaa likizo. Betri za nikeli, zilizo nyingi kwenye haibridi kuukuu, hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu, na joto likizidi hupoteza haraka zaidi. Za lithiamu hupoteza kidogo sana kwa mwezi. Toyota wenyewe huandika kwenye vitabu vya haibridi zao kwamba gari liendeshwe angalau mara moja kila baada ya miezi michache, kwa dakika 30 au kilomita 16. Kuendeshwa, si kunguruma uani.

Chaguo langu la kwanza: Thomas Built C2, basi la shule la Marekani, yenye mfumo wa haibridi wa kampuni ya Eaton. Sifichi, mimi ni mtu wa Thomas. Kampuni ilianza 1916 huko High Point, North Carolina, ikiunda tramu za umeme, na zile walizopeleka New Orleans miaka ya 1920 bado zinabeba watu. Mtu aliyeanza na umeme karne nzima iliyopita namwamini kuliko aliyeugundua juzi. Mota yake ya kilowati 44 imekaa kati ya klachi na giaboksi, betri ni lithiamu, na, hapa ndipo moyo wangu ulipo, starta ya kawaida imeachwa mahali pake. Umeme mkubwa ukigoma, basi linarudi kuwa la dizeli na watoto wanafika. Ubaya wake ni kwamba Eaton waliacha kuuza mfumo huo Marekani Kaskazini, kwa hiyo spea utazitafuta kwa tochi. Bado naiweka ya kwanza.

Ya pili: haibridi ya kuchomeka. Kwa kigezo changu mwenyewe ilipaswa kushinda, maana likizo nzima unaichomeka ukutani na kusahau. IC Bus, watengenezaji wa mabasi, na Enova, watengenezaji wa mfumo wa umeme, walianza kutoa mabasi hayo 2007. Mota iko nyuma ya giaboksi, injini ina starta yake. Lakini mradi ule wa kwanza ulikuwa wa mabasi 19 tu, na ukilipata leo andaa fundi anayejua nyaya za rangi ya chungwa ni za nini (ndizo zenye umeme mkubwa), wala si yule atakayezishika kwanza ndipo aulize.

Ya tatu: umeme mtupu. Kama njia yako ni fupi, linafaa, na halina injini ya kukugomea. Likizo liache likiwa na chaji ya nusu hivi, usilijaze na kulitelekeza. Wasiwasi wangu ni nani atakuwepo miaka kumi ijayo: Proterra, waliokuwa wakitengeneza betri na mfumo wa umeme wa Jouley, basi la umeme la Thomas, waliomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2023, na biashara ya betri ikaenda kwa Volvo. Ndiyo, hata Thomas wangu.

Ya nne: mabasi madogo na vani za haibridi zisizo na starta. Toyota walitoa Coaster ya haibridi 1997, mwaka uleule wa Prius, gari lao dogo la haibridi, kwa hiyo si teknolojia ya kubahatisha. Ni nzuri kwa anayeendesha kila siku. Kwa shule, teua mtu wa kulizungusha barabarani likizoni, umwonyeshe kwa mkono gia ipi asiweke.

Dizeli zilizofungwa mota mitaani kwa bei ya kutupa: hapana.

Sasa wauzaji. "Betri mpya, mama" mara nyingi maana yake ni seli mbili tatu zimebadilishwa na taa ya hitilafu imefutwa jana. Wanalizungusha basi asubuhi ili ukifika liwe limejaa chaji na linawaka kwa kidole. Mimi siku hizi naenda bila taarifa na kitu cha kwanza ninachogusa ni boneti. Ikiwa ya moto, naaga. Wiki iliyopita dalali mmoja alinisifia lake nusu saa nzima, nikamwomba liachwe siku 20 bila kuguswa, kisha nije niliwashe mwenyewe. Akasema atanipigia. Hajapiga.