Sufuria ya granite na makaroni ya sufuria moja: uzoefu wangu jikoni Nairobi

Kama unatafuta sufuria ya kusongea ugali, hii achana nayo. Kama unatafuta ya kupikia chakula kinachoiva chote mahali pamoja, nyama, mchuzi na makaroni, endelea kusoma. Nimeitumia baridi yote ya Julai na Agosti, na pesa yangu haijaniuma.

Nazungumzia zile sufuria nzito zenye madoadoa zilizojaa kwenye maduka ya vyombo Kamukunji, za kifuniko cha kioo na mishikio miwili ya pembeni. Wengi huzinunua kwa seti. Mimi nilichukua moja tu, ya sentimita 24, inayobeba kama lita 4, kwa sababu napikia meko ya mtungi wa kilo 6 na jikoni kwangu watu wawili hawapishani bila mmoja kurudi nyuma. Nililipa chini kidogo ya shilingi 2,000 baada ya kuvutana bei. Muuzaji aliniapia kwamba ni mawe matupu. Si mawe. Ni alumini nene iliyopakwa tabaka la kuzuia chakula kushika, na madoadoa ni urembo tu. Siisemi hivyo kuiponda, maana uzuri wake hauko kwenye madoadoa. Uko kwenye kitako.

Moto wa meko ndogo hutoka katikati na kupiga sehemu moja. Sufuria nyepesi tulizozoea zinapokea moto huo kwenye duara dogo, na hapo ndipo chakula kinaungua wakati pembeni bado kinajivuta. Kwa mboga si neno, unakoroga unasonga mbele. Makaroni ni kesi nyingine. Yakianza kuiva yanatoa wanga, wanga unatuama chini, na kitako chembamba kinaugeuza gundi. Alumini nene inausambaza moto kabla haujafika kwenye chakula. Tangu nianze kutumia hii, moto ukiwa mdogo, sijawahi kukwangua chini.

Sasa kwa nini sufuria moja, wakati pakiti inakuelekeza uchemshe maji mengi, utumbukize, kisha uchuje? Kipimo kinachotajwa sana ni lita 1 ya maji kwa kila gramu 100 za pasta. Pakiti ya gramu 400 basi inataka lita 4, uzichemshe kwa gesi yako, halafu uzimwage kwenye sinki. Kwetu maji ya mfereji huja kwa mgao, na siku nyingine zote tunachota kwenye pipa. Kumwaga lita 4 za maji ambayo tayari yamekula gesi siwezi, hata kama ndivyo mpishi wa hoteli kubwa anavyofanya. Na yale maji yanayomwagwa yana wanga, ambao ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito na ushikamane na makaroni. Waitaliano wenyewe wana upishi wa kuiivisha pasta ndani ya mchuzi kidogo kidogo kama wanavyopika wali wa risotto. Wanauita risottata.

Ninavyopika ni hivi. Robo kilo ya nyama ya kusaga inaingia kwanza, bila mafuta ikiwa ina mafuta yake, na naiacha ishike rangi ya kahawia kabla ya kuigusa sana. Vinafuata kitunguu, saumu, tangawizi kidogo, hoho na karoti iliyokwaruzwa. Halafu nyanya nne zilizoiva sawasawa, nazo nazikwaruza, na kijiko cha nyanya ya kopo. Hapa usiharakishe. Nyanya zikae hadi mafuta yajitenge, la sivyo chakula chote kitakuwa na ule uchachu wa nyanya mbichi, na hakuna Royco itakayouficha.

Viungo vyangu nimevibadilisha tangu nianze kupita Eastleigh. Huko migahawa ya Kisomali inauza baasto, yaani spageti na nyama, na pembeni wanakuwekea ndizi mbivu. Pasta iliingia Somalia na utawala wa Waitaliano, lakini kilichofanyika baada ya hapo ni ufundi wa Wasomali wenyewe. Madukani kwao kuna mchanganyiko wa viungo unaoitwa xawaash, wenye bizari nyembamba, mbegu za giligilani, iliki na vinginevyo kulingana na aliyesaga. Nusu kijiko kwenye nyama, kabla ya nyanya, na jirani wa mlango wa pili atagonga kuuliza unapika nini. Ndizi nayo msiidharau. Wanangu waliicheka siku ya kwanza, na sasa isipokuwepo ndipo wanalalamika.

Baada ya mchuzi kukolea, naweka gramu 300 za makaroni na vikombe vitatu na nusu vya maji yaliyochemka kwenye birika la umeme, kama yaliyo karibu kufika lita. Stima ikiwa imepotea, maji ya baridi pia hufanya kazi, ila muda unaongezeka. Moto mkubwa hadi yatokote, kisha mdogo, kifuniko juu.

Na hapa ndipo pakiti inapowapoteza watu wa Nairobi. Ikisema dakika 9, hesabu 12, pengine 13. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wakati ya Mombasa yanafika 100. Kwa macho huoni tofauti, yanatokota na kufuka mvuke vilevile. Makaroni ndiyo yanayojua. Mama anayepika githeri anaijua hali hii bila kipimajoto, lakini kwa kuwa pasta ina dakika zilizochapishwa, watu wanaziamini, wanaepua, wanakula kitu chenye moyo mgumu katikati na kulaumu kiwanda.

Dakika za ziada zinakunywa maji ya ziada, kwa hiyo weka nusu kikombe cha maji moto karibu. Kifuniko cha kioo hapa kinalipa gharama yake: unaona mchuzi umefika wapi bila kufungua na kupoteza mvuke. Kina tundu dogo la kupumulia, lakini povu la wanga ni kali kuliko tundu hilo, basi kiegeshe kidogo upande mmoja, la sivyo litamwagika na kuzima moto wa meko. Koroga kila baada ya dakika mbili hivi. Mwishoni naongeza mchicha uliokatwa, kijiko cha siagi na dania nyingi. Chizi naiweka mwisho wa mwezi, tena mshahara ukiwa umefika kweli.

Kuhusu umbo la pasta: makaroni mafupi au penne. Spageti zina urefu wa kama sentimita 25, kwenye sufuria ya 24 hazilali, na usipozivunja ncha zinabaki zimesimama nje huku zilizo chini zimelainika. Mimi nazivunja. Mwitaliano akikasirika, hapangi ploti yetu.

Jirani yangu ana asili ya Mombasa, na kwake tambi ni za sukari, tui la nazi, iliki na zabibu kavu. Nyama yangu aliitazama kwa huruma. Nikamwazima sufuria apike zake. Alizikaanga zile tambi nyembamba hadi zikawa rangi ya dhahabu, akamimina tui, akafunika na kupunguza moto. Zilitoka moja moja, hazikuganda wala kushika, na sukari kwa kawaida ndiyo ya kwanza kuungua. Alinirudishia sufuria ikiwa imeoshwa, na swali la nimeinunua wapi.

Sasa kasoro, na zipo. Mishikio inapata moto. Mwali wa meko unapanda pembeni, na ile plastiki iliyovalishwa haikulindi hata kidogo baada ya dakika kumi, kitambaa ni lazima. Kirungu cha kifuniko hulegea kwa sababu ya mvuke, nakikaza kwa bisibisi mara kwa mara. Uzito nao uangalie: sufuria tupu tayari ni nzito, ikijaa inataka meko iliyokaa sawasawa, na mtungi usio imara sakafuni ni hatari, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

Tabaka la ndani linataka adabu. Mwiko wa mbao peke yake, hakuna kijiko cha chuma, hakuna uma. Usiiache tupu kwenye moto mkali, kwa maana tabaka la aina hii huanza kuharibika likizidi nyuzi 260, na sufuria tupu juu ya gesi inafika huko haraka kuliko unavyodhani. Mgeni mmoja aliyejitolea kuosha vyombo aliisugua kwa waya, na mkwaruzo wake bado upo. Ndiyo maana nasema ugali hapana. Kusonga ugali ni kukandamiza na kukwangua, na ile sufuria ya zamani iliyobonyea ndiyo kazi yake.

Kiporo kinatoka vizuri. Makaroni yakilala hunywa mchuzi wote na kuganda, hivyo asubuhi mimina maji kidogo, funika, moto mdogo, koroga mara moja. Kwenye sufuria ya zamani kiporo kama hiki kilikuwa kinaacha nusu yake kwenye kitako.

Ukubwa huu unatosha watu wanne wenye njaa ya kawaida. Mkiwa zaidi ya watano chukueni ya sentimita 28, lakini hiyo kwenye meko ya mtungi mdogo haikai vizuri wala haipati moto hadi pembeni, itawabidi muwe na jiko la vichomeo viwili.