Mzee wa nyuzi Mchangani: kwanza anakuuliza unafuma nini

Duka lenyewe halina kibao. Ukishaingia vichochoro vya Mchangani, hapa Unguja mjini, ulizia mzee wa nyuzi, mtu yeyote atakuelekeza. Ni chumba chembamba, rafu mpaka darini, na ngazi ya mbao anayoipanda mwenyewe ingawa umri umekwenda.

Nilifika na mchoro wa sweta la mtoto mkobani na moyo una wasiwasi. Mwaka jana nilinunua uzi duka jengine hapa mjini, nikamwonesha muuzaji mchoro wangu, hata hakuutazama. "Uzi ni uzi, dada," akanambia, akanifungia pamba nene. Mchoro ulitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Mie nikapata 18. Kipande cha mgongo cha vitanzi 66, kilichotakiwa kiwe sentimita 30, kikatoka karibu 37, na cha mbele vivyo hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja akalivaa kama kanzu. Mapindo ya mikono, yale ya kitanzi kimoja nje kimoja ndani, yalilegea siku ya kwanza yasirudi tena. Nililia, kwa sababu zile zilikuwa jioni zangu za mwezi mzima.

Kwa mzee mambo yalikuwa mbali kabisa. Nilipomwamkia aliitikia, akanivutia kigoda, akaniuliza: "Unafuma nini, mwanangu? Cha nani? Na nani atakayekifua?" Sijapata kuulizwa swali hilo la mwisho na muuzaji yeyote. Nikamwambia ni cha mjukuu wa dada yangu, kazaliwa juzi, nataka alivae kusi likianza, na mama yake anafua kwa mkono kwenye beseni. Akavaa miwani, akausoma mchoro wote. Ulitaka sufu. "Sufu akiifikicha kwenye maji ya moto itajikunja igande kama zulia," akasema. "Na kusi letu halina baridi ya kutaka sufu."

Mie nilikuwa nimeshaliangukia donge la rangi mchanganyiko, waridi na buluu na kijani. Akalitia mkononi mwangu, kisha akaniwekea kidole kwenye picha ya mchoro, pale kifuani penye msuko unaopandana kama ukili. "Haya mapambo yako yatapotea humu. Jicho litafuata rangi, halitauona msuko." Nikanyamaza, maana alisema kweli. Akaniteremshia uzi wa rangi ya maziwa, mlaini, uliosokotwa ukakaza, nusu pamba nusu akriliki, yaani nyuzi za plastiki za kiwandani. Pamba tupu, kanieleza, ni nzito na haivutiki ikarudi, ndiyo maana mapindo yangu yalikufa. Akriliki inaupa uzi wepesi na kuutia mvuto kidogo, na pamba inamwacha mtoto apumue. Kanionya nisilipige sweta pasi ya moto, akriliki inayeyuka.

Hapo ndipo nilipomwamini hasa: hakuniuzia kwa uzito. Mchoro ulisema madonge 4 ya gramu 50, kila moja mita 120, jumla mita 480. Donge lake lina gramu 50 zile zile lakini mita 100 tu, kwa kuwa pamba ni nzito kuliko sufu. Ningechukua manne ningekwama kwenye mkono wa pili. Tukahesabu pamoja, yakawa matano, kila moja shilingi 4,500. Kisha akageuza lebo zote kutazama nambari ya rangi, ile inayoonesha madonge yaliyotiwa rangi pamoja. Moja ilikuwa tofauti, ingawa kwa macho yangu zote zilikuwa maziwa yale yale. Akapanda ngazi tena kutafuta nyengine. Donge lisilofunguliwa, kasema, nirudishe nikitaka.

Marehemu mama yangu alikuwa akishona kofia za mkono, na uzi usiomridhisha aliurudisha dukani hata kama ni Ijumaa na kofia inasubiriwa. Alikuwa akisema kofia ikishafuliwa na kutiwa wanga ndipo uzi unapojulikana. Nilimkumbuka sana pale kwenye kile kigoda.

Nyumbani nilifuma kipande cha kujaribia cha sentimita 12, nikakifua, nikakianika kivulini, ndipo nikapima. Kwa sindano za milimita 4 nilipata vitanzi 21. Nikashuka hadi 3.75, vikaja 22 barabara. Sweta limekwisha, mgongo ni sentimita 30, nimeshalifua mara tatu, na ukiyavuta mapindo yanarudi mahali pake. Ule ukili wa kifuani unauona ukiwa upande wa pili wa ukumbi.

Upungufu upo. Ndani kuna giza, kwa hiyo rangi uitazame mlangoni kwenye jua. Pamba tupu ana rangi chache, nyeupe na maziwa na buluu moja. Sindano za mviringo hana, na nyembamba za soksi za watoto zimemwishia muda mrefu. Ijumaa anafunga mapema kwa sala. Na ukiwa na haraka usende, maana hakuuzii mpaka aone mchoro.

Jumamosi narudi na mchoro wa mtandio wenye matundu matundu. Keshanambia huo nisiguse akriliki kabisa: matundu yanataka kulowekwa, yatandazwe na pini mpaka yakauke yakiwa wazi, na akriliki ukishaitoa pini inajirudia. Kaniwekea madonge matatu ya pamba nyembamba nyeupe nyuma ya meza yake, nambari moja yote.