Cyberpunk RED: kuhaki kunavyoenda mezani, tuelewane leo

Mambo vipi wadau, leo nina Cyberpunk RED hapa, ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kutoka R. Talsorian Games iliyotoka mwishoni mwa 2020, na kitabu kikuu kina kurasa 456 kwa hiyo nikisema nikipitie chote hatutoki hapa. Nachambua kitu kimoja tu, kuhaki, yaani mhusika kuvamia mifumo ya kompyuta. Hapo ndo meza nyingi zinakwama, mpaka watu wanamwambia GM, yule anayeongoza mchezo, bwana sisi haka hatumtaki, tubaki na bunduki tu, na mimi hiyo inaniuma kweli, kwa sababu ukishazielewa hizi sheria ndo sehemu tamu kuliko zote humu ndani.

Kwanza mjue kwa nini ziko hivi. Kwenye toleo la zamani, lililoitwa Cyberpunk 2020, haka aliweza kuwa mbali kabisa na timu, anazama kwenye mtandao wake, GM anacheza na yeye peke yake na nyie wengine mmekaa tu mnasubiri. RED imekata hiyo habari. Kwenye hadithi yake mtandao mkubwa wa zamani ulishaharibika, mwaka ni 2045, sasa jengo linakuwa na mfumo wake uliojifungia, na ili uingie lazima uwe ndani ya mita 6 kutoka sehemu ya kuunganishia. Yaani haka yupo palepale na wenzake, risasi zinapita juu ya kichwa chake. Mimi nasema huu ndo uamuzi bora kuliko wote kwenye kitabu hiki.

Haya, sasa zamu, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo panapochanganya watu. Netrunner, ndo jina la haka humu, ana uwezo unaitwa Interface, una daraja 1 mpaka 10, na daraja ndo linasema una aksheni ngapi za NET, yaani za ndani ya mfumo, kwenye zamu moja: daraja la 1 hadi 3 unapata 2, la 4 hadi 6 unapata 3, la 7 hadi 9 unapata 4, ukifika 10 unapata 5. Watu wanasoma hapo wanadhani zinaongezwa juu ya aksheni ya kawaida. Hapana jamani! Unachagua, ama aksheni moja ya mwili, kupiga risasi, kumtibu mwenzako, au aksheni zako zote za NET. Kutembea bado unaweza, ila ukitembea ukazidi zile mita 6 umejichomoa vibaya, na hilo tunalifikia.

Na zamu yako ni zamu kama ya mtu mwingine yeyote. Ukimaliza aksheni zako 3 anafuata mwenzako, unabaki umesimama ghorofa hiyohiyo mpaka zamu irudi. GM asikubali haka ashuke mfumo mzima kwa pumzi moja huku wengine wanaangalia, hapo mnairudisha ile shida ya zamani kwa mikono yenu wenyewe.

Nimesema ghorofa kwa sababu mfumo wenyewe umepangwa kama lifti, unaanzia juu unashuka. Ghorofa hii ina paswedi, unaivunja kwa Backdoor, hii ina faili, unalifungua kwa Eye-Dee, ile ina kitu cha kuendesha, kamera au bunduki ya darini, hapo ni Control. Hesabu ni nyepesi, Interface jumlisha d10, dadu la pande 10, dhidi ya namba ya ugumu, basi. Hapo sina maneno mengi.

Maneno yapo kwenye Black ICE, programu za ulinzi zinazoshambulia haka. Ukikutana nayo hauanzi kupigana moja kwa moja, kwanza kuna mashindano ya kasi, wewe Interface na d10, yenyewe kasi yake na d10, ikikushinda inakupiga papo hapo kabla hujafanya chochote. Baada ya hapo inaingia juu kabisa kwenye foleni ya zamu, juu yenu wote, na inakufuata. Chukua Black ICE inaitwa Hellhound. Ina uhai 20, pigo lake ni d6 mbili, yaani dadu mbili za pande 6, moja kwa moja kwenye ubongo, silaha yako kwapani haikusaidii chochote, halafu inawasha moto kompyuta yako ya kuhakia kama haina kinga, pamoja na nguo zako, moto wa kweli, na kuuzima ni aksheni ya mwili. Umeona mtego ulipo? Ukizima moto, zamu hiyo huna aksheni hata moja ya NET. Ukiendelea kuhaki, unaungua. Mimi hapo nampigia makofi aliyeandika hiyo sheria.

Na msiende kuiua Hellhound kwa Zap tu, lile pigo la kawaida la Interface, Zap inatoa d6 moja, hata dadu likikupenda kila mara bado ni mapigo 4. Beba programu ya Sword, hiyo ni d6 tatu dhidi ya Black ICE. Au ikimbie kwa Slide, ila Slide unajaribu mara moja tu kwa zamu.

Sasa kujichomoa. Ukitoka kwa utaratibu, kwa aksheni yako, hakuna kitu. Ukitoka vibaya, mfano mwenzako anakuburuta kukuokoa mkavuka mita 6, Black ICE zote ulizokutana nazo ambazo bado ziko hai zinakupiga kwa pamoja, na zile ulizozikimbia kwa Slide zimo. Kwa hiyo timu yote lazima iijue hii, sio haka peke yake, maana anayekubeba kwa nia njema anaweza kukumaliza.

Lawama yangu kwa kitabu ni vifupisho vya namba za programu, PER, SPD, ATK, DEF, REZ, vinakuja kwa mpigo mmoja na mgeni anapotea hapo hapo, ningependa karatasi moja yenye kila kitu. Ila sheria zenyewe? Ziko vizuri sana, nunueni. GM, mara ya kwanza tengeneza mfumo wa ghorofa 3 tu, paswedi, Black ICE moja, na bunduki ya darini chini kabisa, halafu anzisha mapigano chumba hichohicho alichomo haka.