Uchambuzi: Kibanda cha Ziwani Kisicho na Umeme wala Bomba, Saimaa, Finland

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ya leo ni nyumba. Ni kibanda cha mbao ukingoni mwa ziwa Saimaa, mashariki mwa Finland, upande wa mji wa Savonlinna. Rafiki yangu anayeishi huko ndiye aliyekikodi na kunialika. Wenyeji wanakiita mökki, na vipo zaidi ya nusu milioni katika nchi yenye watu wasiofika milioni 6. Kwa hiyo mwenyeji wako akikuambia "twende mökki", ujue amekufungulia mlango wa ndani kabisa wa maisha yake. Ndiyo maana nataka uende ukijua unachokwenda kukikuta.

Tuanze na njia. Kutoka Helsinki unapanda treni hadi Parikkala, unabadilisha, unaingia kitreni cha kwenda Savonlinna. Safari nzima ni zaidi ya saa nne. Ukishafika hapo, bila gari huendi popote. Lami inaisha, changarawe inaanza, misonobari kushoto na kulia, na jirani humwoni. Unachoona ni moshi wa sauna yake ng'ambo ya maji. Duka liko mbali, kwa hiyo vyakula vyote mnanunua mjini kabla ya kuingia msituni. Mkienda wakati wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi inayoangukia Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26 Juni, nunueni mapema zaidi, maana miji inahamia ziwani.

Sasa ndani. Hapa mnaona chumba kimoja, jiko la kuni, jiko dogo la gesi, friji ya gesi, na paneli ya sola juu ya paa inayotosha taa na kuchaji simu. Vitanda vizuri, sina la kusema. Mashuka na taulo mara nyingi huja navyo mwenyewe au unalipia pembeni, na usafi wa siku ya kuondoka ni juu yenu. Soma masharti ya kukodi kabla ya kulipa. Wakati wa kiangazi wengi hukodisha kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi.

Maji ya kunywa yanatoka kisimani kwa ndoo. Ya kuoga na kuoshea vyombo yanachotwa ziwani. Choo kiko nje, ni choo kikavu: ukimaliza unamwaga kopo la maranda juu yake, unafunika, basi. Hakinuki kama wengi wanavyodhani, mradi kila mtu amwage maranda. Tafadhali usiwe wewe uliyesahau.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe unapewa siku ya kwanza, na nakuomba ulipokee kwa mikono miwili. Kupasua kuni, kuteka maji, kumwaga majivu, kuwasha moto. Mimi na rafiki yangu tulizungumza zaidi tukipasua kuni kuliko tulivyowahi kuzungumza kwenye simu miaka yote hii. Mikono ikiwa na kazi, mtu husema mambo ambayo angeyaficha akikaa kitini akikutazama usoni. Hicho ndicho kitu kikubwa cha nyumba hii kwangu, na hakimo katika tangazo lolote la kukodisha.

Twende kwenye sauna, maana bila sauna mökki haijakamilika. Hii hapa, hatua chache kutoka majini. Utamaduni wa sauna wa Finland uliingizwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Zamani wanawake walijifungulia humo, kwa sababu ndipo palipokuwa mahali safi na penye maji ya moto. Unawasha kuni mapema, unasubiri joto lifike nyuzi 80 hivi, kisha unamwagia maji mawe yaliyo juu ya jiko. Ule mvuke unaopanda wanauita löyly. Unakaa, jasho linakutoka, ukizidiwa unatoka na kuingia ziwani, unapumzika kwenye gati, unarudi tena. Hakuna mashindano. Benchi la chini lina nafuu, anza hapo, na unywe maji ya kutosha. Mwenye matatizo ya moyo au presha amwone daktari wake kwanza.

Najua swali linalokuja: stara. Wenyeji huingia bila nguo, lakini mara nyingi wanaume na wanawake wasio wa familia moja hupokezana zamu. Ukitaka kuvaa nguo ya kuogelea au kujifunga taulo, mwambie mwenyeji wako mapema, waziwazi. Mimi nilisema, na hakuna aliyenuna.

Ziwa lenyewe sasa. Maji yana rangi ya chai iliyokolea, kwa sababu ya mboji inayotoka misituni, na si uchafu. Hata Julai ni baridi, nyuzi 20 ikiwa una bahati. Usiruke kichwa mbele pale usipokijua kina. Mawe yako karibu kuliko yanavyoonekana. Kwenye boti la makasia vaa jaketi okozi muda wote, hata kama unajua kuogelea. Sabuni isiingie ziwani: jipakae na jisuuze nchi kavu, mbali na ukingo.

Na humu anaishi norppa, sili wa Saimaa, yaani mnyama wa majini anayenyonyesha, ambaye hapatikani ziwa lingine lolote duniani. Mababu zake walinaswa humu ardhi ilipoinuka baada ya zama za barafu. Wamebaki mamia tu. Kuanzia 15 Aprili hadi 30 Juni kutega nyavu kunazuiwa katika maeneo yake ili watoto wake wasinaswe, na majira ya baridi theluji ikipungua, watu wanajitolea kumrundikia theluji juu ya barafu apate mahali pa kuzalia. Kumwona, nenda Mei, anapolala juu ya mawe akibadilisha manyoya. Ukimwona, kaa mbali. Mimi nilifurahi hata kujua tu kwamba yumo.

Usiku wa Juni jua linazama karibu saa tano na kuchomoza saa tisa na nusu alfajiri, giza kamili halipo. Beba kitambaa cha kufunika macho. Mbu ni wengi kwelikweli, ila hawaambukizi malaria. Kupe ndio wa kuogopa zaidi: jikague mwili kila jioni. Msituni kuna haki ya kila mtu, unaruhusiwa kutembea na kuchuma matunda ya mwituni, lakini moto wa nje unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na tahadhari ya moto wa msituni ikitolewa usiwashe kabisa.

Dharura ni namba 112. Pakua programu ya 112 Suomi, inapeleka mahali ulipo unapopiga kupitia hiyo, na uandike anwani ya kibanda kwenye karatasi mlangoni. Kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya Finland na nchi nyingi za Ulaya, bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000 ni sharti. Wewe isome uone kama inalipia uokoaji.

Nani nisingempeleka? Mwenye mtoto anayeanza kutembea, maana gati halina kizuizi, na mgonjwa anayehitaji hospitali karibu. Wengine wote nendeni, lakini na rafiki. Na mkipewa kuchagua kati ya kibanda hiki na kile chenye bafu la ndani na mashine ya kuoshea vyombo, chukueni hiki. Kuni mtakazokuta zimepasuliwa aliziacha mgeni aliyewatangulia. Nanyi pasueni za atakayefuata.